Minyoo ya Wana-Kondoo na Afya ya Nyumba Zetu

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, Moshi, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sikukuu kama hii ni desturi kusema habari za kahawa: uzito wake, bei yake, na magonjwa ya mibuni. Hayo yamekwisha kusemwa na wenzetu waliotutangulia mahali hapa, nao wameyasema vizuri, kwa hiyo hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya mnyama ambaye aghalabu hatajwi katika hesabu zetu za mwaka, ijapokuwa yumo katika vihamba vingi tangu Rombo hata Machame. Mnyama huyo ni kondoo. Wala hatutasema juu ya kondoo dume aliyenona kwa ajili ya sikukuu, bali juu ya mtoto wake, tangu siku ya kuzaliwa hata miezi sita, na juu ya wadudu wakaao tumboni mwake.

Huenda mwanachama mmoja akauliza, Jambo hili lahusu nini Chama cha Ushirika? Jibu letu ni kwamba lahusu mara mbili. Kwanza, mwana-kondoo ni akiba. Akifa, ada ya shule ya mtoto imekufa pamoja naye. Pili, kati ya wadudu wakaao tumboni mwake wamo wachache wawezao kumwingia mtu, na zaidi mtoto mchanga. Nasi twapenda wanachama washike neno moja katika hotuba hii, hata kama mengine watayasahau: wale wadudu tunaowaona kwa macho katika kinyesi cha mwana-kondoo hawana hatari kubwa kwa watu, wenye hatari ni wale tusiowaona, nao husafiri kwa samadi, kwa mikono na kwa maji.

Yafaa kwanza tutazame jinsi tufugavyo. Katika nchi nyingi kondoo hulala porini au katika boma lililo mbali na mlango wa nyumba. Kwetu sivyo. Ardhi ya kihamba ni finyu, migomba na mibuni imeijaza, hivyo mnyama hufungwa bandani na kuletewa majani. Zamani nyumba ya Mchaga ilikuwa na upande wa watu na upande wa wanyama chini ya paa moja, na hata leo banda la kondoo laweza kuwa hatua tano tu kutoka jikoni. Usiku wa baridi, mwana-kondoo aliyezaliwa dhaifu huletwa karibu na moto, na watoto humpakata. Samadi yake huchukuliwa kila siku na kutiwa penye shina la mgomba. Ufugaji huu una hekima, kwa maana ndio uliorutubisha vihamba vyetu vizazi kwa vizazi. Lakini ufugaji ulio karibu na mtu namna hii unataka usafi kuliko ule wa porini.

Sasa tuwataje wadudu wenyewe, tukianza na wale wanaoonekana.

Wa kwanza ni mnyoo mnyonya-damu, ambaye wataalamu humwita hemonkasi. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo, na jike lake lina urefu wa milimita 18 hadi 30, likiwa na mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba. Jike moja laweza kutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku moja. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo damu kidogo sana, kadiri ya sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku. Lakini wakiwa 1,000, hiyo ni mililita 50 kwa siku, na kwa siku 20 ni lita moja, nayo ni karibu damu yote ya mwana-kondoo wa kilo 15. Ndiyo sababu mwana-kondoo mwenye minyoo hawa hudhoofika, akavimba chini ya taya, na utando wa ndani wa jicho lake ukawa mweupe kama karatasi. Mara nyingi haharishi hata kidogo. Kwa hiyo mwenyewe hudhani kwamba ni njaa tu, akamwongezea majani, na siku ya tatu akamkuta amelala hana uhai. Mnyoo huyu ni adui mkubwa wa mali yetu, lakini si adui wa watu: kumwingia mtu ni jambo la nadra mno.

Wa pili ni tegu wa kondoo, aitwaye moniezia. Huyu ndiye anayetisha watu kwa sura yake, kwani vipande vyake huonekana katika kinyesi kama punje za wali uliopikwa, na mwenyewe tumboni huweza kuwa na urefu wa mita kadhaa. Mama akiviona vipande hivyo huwafukuza watoto na kusema wataambukizwa. Twamsifu kwa uangalifu wake. Hata hivyo tegu huyu hamwingii mtu. Mayai yake sharti yaliwe kwanza na utitiri mdogo wa udongoni, kisha utitiri huo uliwe na kondoo pamoja na majani. Isitoshe, wana-kondoo wengi humvumilia bila madhara makubwa.

Wa tatu haonekani kwa macho, lakini tunamweka katika kundi hili kwa sababu naye hamdhuru mtu. Ni koksidia. Huwashika wana-kondoo tangu wiki ya tatu hivi, hasa wale waliosongamana katika banda lenye maji maji, akawaharisha, na pengine kinyesi kikatoka na damu. Koksidia wa kondoo ni wa kondoo tu, wala hawamwingii hata mbuzi aliyefungwa karibu naye.

Yupo pia mnyoo mwembamba kama uzi, wa jamaa ya triko, akaaye katika utumbo mwembamba na kumharisha mwana-kondoo. Huyu aweza kumwingia mtu alaye mboga mbichi zilizopandwa penye samadi mbichi. Aghalabu ugonjwa wake kwa mtu si mkali, lakini atuonyesha kwamba njia ya kutoka bandani hata mezani ipo.

Basi tumfikie yule aliyetufanya tusimame mbele yenu leo. Jina lake ni kriptosporidiamu. Tusiogope urefu wa jina. Mwenyewe ni mdogo hata vijiyai vyake 200 vikipangwa katika mstari mmoja havizidi milimita moja. Alitambuliwa na mtaalamu wa Marekani, Ernest Edward Tyzzer, mwaka 1907, katika panya. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hana neno kwa binadamu, mpaka mwaka 1976 alipopatikana katika wagonjwa wa kwanza waliojulikana. Mwana-kondoo hushikwa naye katika siku na wiki zake za kwanza. Huhara kinyesi cha majimaji cha rangi ya manjano, huacha kunyonya, hukauka mwili, na walio dhaifu hufa. Katika siku hizo hutoa vijiyai kwa mamilioni, na vijiyai hivyo, tofauti na mayai ya minyoo, havingoji kukomaa udongoni. Vitokapo tu, viko tayari kumwambukiza mwingine. Na kwa mtu, kiasi cha vijiyai kumi chaweza kutosha kuanzisha ugonjwa.

Yuko na mwenziwe, giadia, ambaye naye hukaa utumboni na kuharisha. Aina ya giadia iliyo nyingi katika kondoo si ile ya watu, lakini iko aina nyingine ishirikianayo baina ya watu na wanyama. Kadhalika si kila kriptosporidiamu wa kondoo ni wa kumdhuru mtu. Katika uchunguzi uliofanywa Gombe, mkoani Kigoma, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2015, kondoo na mbuzi walikutwa na aina ijulikanayo zaidi kuwa ya wanyama hao wenyewe. Twalisema jambo hili kwa uwazi, ili asije mtu akatoka hapa akauza kondoo wake wote kwa hofu. Walakini iko aina moja, parvumu, ambayo ni ya ndama, ya mwana-kondoo na ya mtu pia, na hakuna jicho liwezalo kuzitenganisha aina hizo bandani. Kwa hiyo mwana-kondoo mchanga anayehara yapasa ashikwe kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Madhara yake kwa mtu ni nini? Mtu mzima mwenye nguvu atahara siku kadhaa, pengine wiki mbili, kisha atapona. Lakini mtoto wa chini ya miaka miwili, hasa asiyekula vizuri, na mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na virusi vya UKIMWI, hao wamo hatarini. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya kuhara kwa watoto katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo jirani zetu Kenya na Msumbiji. Kriptosporidiamu alionekana kuwa mmoja wa wanne wanaoongoza kwa kuwaharisha vikali watoto wadogo. Wengi wa watoto hao huambukizwa na watu wenzao, si na kondoo. Lakini mtoto aliye mgonjwa hana faida ya kujua mdudu wake ulitoka kwa nani. Na huko Uingereza, majira kondoo wanapozaa, watoto hupelekwa mashambani kuwanyonyesha wana-kondoo kwa chupa, na mara kadhaa wamerudi nyumbani na ugonjwa huu. Ikiwa mtoto wa huko huugua kwa kumshika mwana-kondoo saa moja, wetu wanaoshinda nao kutwa wanahitaji ulinzi gani?

Jambo jingine la kushangaza ni hili, kwamba klorini itiwayo katika maji haimuui mdudu huyu kwa kiasi cha kawaida. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, watu wapatao 400,000 waliugua kwa kunywa maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa dawa. Kinachomwua kwa hakika ni moto: maji yakichemka, amekufa. Ukavu pia humwua, na jua kali.

Hapo ndipo linapoingia neno la ushirika. Katika mlima huu ushirika wa kahawa una umri mkubwa. Chama cha wapandaji kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933. Lakini ushirika wa mfongo ni wa kale kuliko hiyo yote. Wageni wa Ulaya walioandika habari za mlima katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikipeleka maji kutoka mito ya juu hata mashambani. Wazee waliichimba pamoja, wakaisafisha pamoja, na asiyefika siku ya kazi alitozwa faini, kwa kuwa walijua kwamba mfongo hauna mwenyewe mmoja. Siku hizi mabomba yamefika vijiji vingi, walakini bado wako wanaochota katika mfongo na mtoni, na hata wenye mabomba huoshea mboga na vyombo humo maji ya bomba yanapokatika. Samadi ya banda lililo juu ya mfongo, mvua za masika zikinyesha, haikai kihambani mwa mwenyewe. Inateremka. Mwenye kondoo Kibosho juu hamwoni mtoto wa Kibosho chini anayekunywa, wala mama wa chini hajui ni banda la nani lililompelekea ugonjwa. Kwa hiyo mtu hawezi kujilinda peke yake katika jambo hili. Usafi wa banda langu ni afya ya mtoto wako.

Tusimsahau mbwa. Twapochinja kondoo, na hasa mwezi wa Desemba ndugu wanaporudi nyumbani kutoka mijini, pengine ini au pafu huonekana lina vifuko vya maji, nasi humtupia mbwa. Vifuko hivyo hugeuka kuwa tegu wadogo tumboni mwa mbwa, wenye urefu wa milimita chache tu. Mayai yao hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika majani na manyoya. Kondoo mchanga akiyala, hupata vifuko vipya. Mtoto akiyala baada ya kumshika mbwa, vifuko huota polepole katika ini au pafu lake, na aghalabu hutakiwa kupasuliwa. Ugonjwa huu, uitwao hidatidi, umewasumbua sana Waturkana wa kaskazini ya Kenya, na katika nchi za wafugaji za kaskazini ya Tanzania pia umeonekana. Tazameni basi: tegu tunayemwogopa katika kinyesi cha kondoo hatudhuru, na ini tunalomtupia mbwa kwa mkono wetu wenyewe ndilo lenye madhara. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, Ndugu Wanachama, tufanye nini? Tunayo maneno saba ya kupendekeza, wala hakuna hata moja lipitalo uwezo wa mkulima.

La kwanza, mwana-kondoo anyonye maziwa ya kwanza ya mama yake mapema, kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa. Maziwa hayo ni kinga asiyoweza kuinunua dukani.

La pili, banda liwe kavu, na ikiwezekana sakafu yake iinuliwe kwa miti au mbao ili kinyesi kidondoke chini. Majani yawekwe katika hori, yasitupwe sakafuni. Wala yasikatwe mahali kondoo walipochungwa au palipomwagwa samadi mbichi.

La tatu, anayehara atengwe na wenzake. Watoto wasimpakate wala wasimlete jikoni, na wenye mimba na wagonjwa wasimhudumie. Atakayemhudumia anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

La nne, samadi isipelekwe mbichi penye mboga. Irundikwe mbali na mfongo, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe, na ikae miezi miwili au mitatu. Lundo lililotengenezwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, nalo huua mayai na vijiyai. Mkulima hapotezi kitu, kwani mgomba na mbuni hupenda samadi iliyoiva.

La tano, maji ya kunywa yachemshwe, na hasa ya watoto. Mtoto akihara apewe mara moja maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, au pakiti za ORS, aendelee kunyonya, apelekwe zahanati, na mama amwambie mganga kwamba nyumbani kuna mwana-kondoo mgonjwa. Habari hiyo moja yaweza kumwongoza mganga.

La sita, mbwa asipewe maini wala mapafu mabichi. Yenye vifuko yazikwe kwa kina au yachomwe, na mbwa apewe dawa ya tegu kwa shauri la Bwana Mifugo.

La saba lahusu dawa ya minyoo, nalo latutaka tufikiri. Wako wanaompa kila mwana-kondoo anayehara albendazoli au levamisoli, wakadhani wamemaliza kazi. Dawa hizo huua minyoo, lakini kriptosporidiamu na koksidia haziwadhuru. Pia dawa ikitolewa kidogo kuliko kipimo, minyoo wenye nguvu hubaki, wakazaa wenye nguvu zaidi, hata dawa ikawa maji tu. Na minyoo sugu wa namna hiyo wameonekana Kenya na nchi nyingine nyingi. Ikitolewa kupita kiasi, levamisoli yaweza kuua, na albendazoli haifai kwa kondoo mwenye mimba changa. Basi sharti uzito ujulikane. Hapa Chama kinaweza kusaidia, kwa sababu kila chama cha msingi kina mizani ya kahawa. Twapendekeza ikaguliwe ni ipi ifaayo, na mwanachama aweze kumpima mnyama wake kwa siku zilizotengwa, nje ya ghala, kwa gunia lisilotumika kwa kahawa. Twapendekeza pia vyama vya msingi vinunue dawa kwa pamoja kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa, na kinyesi cha kondoo wanaokufa bila sababu kujulikana kipelekwe kwa Bwana Mifugo, ambaye aweza kukifikisha katika maabara ya veterinari iliyoko Arusha.

Wala tusisahau mali tuliyo nayo tayari. Kondoo mwekundu wa Kimasai, mwenye mkia wa mafuta, amethibitishwa na watafiti kuwa mvumilivu wa mnyoo mnyonya-damu. Huko Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, alilinganishwa na Doper wa Afrika Kusini, naye akaonekana kuwa na mayai machache ya minyoo, na wana wake waliokufa walikuwa wachache. Doper ni mkubwa, na mnunuzi humpenda. Lakini anayemleta na ajue kwamba ameleta pia kazi ya kumtazama jicho kila wiki wakati wa mvua.

Ndugu Wanachama, miaka kumi Chama hiki kimesimama kwa sababu mkulima mmoja mmoja alikubali kwamba kahawa yake ikiwa chafu itaharibu jina la kahawa ya wote, ndipo akaichambua hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona. Hatutaki jambo jipya. Twataka uaminifu ule ule uliopo katika gunia la kahawa uwepo pia katika lundo la samadi. Hapo mtoto wa chini atakunywa maji bila kuogopa jirani yake wa juu.